Turubai la Mgeni Rasmi

Manyanda asinifundishe adabu. Adabu ninayo, na turubai lilikuwa langu.

Pasaka ile ya mwaka tisini na sita kwaya yetu ya Ilembo ilialikwa Mwese, siku tatu za kuimba na kulala kambini, kwaya kumi na mbili. Kaka yangu Venant, mpiga ngoma wetu, alikuwa na mwezi wa pili kitandani, miguu imevimba. Aliniomba kitu kimoja tu. "Capitoline, Claude mwanafunzi wangu apige ngoma yangu, wewe uirekodi kwenye kaseti. Nataka niisikie kabla sijaenda." Hakusema anakwenda wapi, na mimi sikumuuliza.

Basi ngoma nikaifunga kama mtoto mchanga. Kwanza kanga mbili, halafu nailoni, halafu turubai, nikakaza kwa mipira ya tairi. Lori likatushusha pale barabara ilipokatika, nikapanda milima nayo kichwani kutwa nzima. Wenzangu wakanicheka, eti nimebeba sanduku la bibi harusi. Kambini nikaipandisha juu ya mawe, maji yasiifikie, na asubuhi yake nikaenda kisimani. Kulikuwa na foleni, nikakawia.

Niliporudi mvua inamwagika, na ngoma ya Venant iko uchi juu ya mawe yale, ngozi imelegea kama chapati iliyolowa chai. Kanga zangu zimetupwa kwenye tope. Turubai liko jukwaani, limefunika makochi mawili ya mgeni rasmi na vitambaa vyake vya kufuma.

"Nani kafungua?"

Manyanda, mwenyekiti wetu wa kwaya, hata haya hakuona. "Mimi. Mgeni rasmi atakaliaje kochi lililolowa? Mgeni njoo, mwenyeji apone, dada."

"Mwenyeji wa kupona yuko Ilembo," nikamwambia. "Yuko kitandani, na juzi ulimwona kwa macho yako."

"Si itakauka tu."

Itakauka kwa kitu gani? Kuni zote zimelowa, jua hakuna, na zamu yetu ni saa tisa.

Saa tisa Claude akapiga. Pu. Akapiga tena. Pu. Watu wa kwaya nyingine wakainama wakicheka. Manyanda akampa ishara aache, tukaimba kwa makofi.

Na mgeni rasmi? Gari lake lilifika pale pale barabara ilipokatika, likageuza kurudi mjini. Makochi yalikuwa makavu kabisa.

Nikapanda jukwaani, nikalivuta turubai langu, nikaikalisha ngoma kwenye kochi, juu ya kitambaa cheupe. Maji yakachuruzika mpaka chini.

Manyanda akaja mbio. "Mama, hapo ni pa mgeni rasmi."

"Ameshafika."

Nikaweka kaseti kwenye redio yangu, nikabonyeza irekodi. "Kaka Venant," nikasema, "ngoma yako iko hapa mbele yangu. Kwa nini hutaisikia, atakueleza mwenyekiti wako mwenyewe." Nikamsogezea Manyanda redio mdomoni.

Watu wote walikuwa wanatutazama. Kaseti ikazunguka, ikazunguka, mpaka upande wa kwanza ukaisha. Hakusema neno.

Nilimpelekea Venant kaseti ile vivyo hivyo. Aliisikiliza yote.