Tekila ya Shemeji

Jioni ya mwisho kabla ya kurudi ugenini, kaka wa mke wa fundi magari alimfungulia shemeji yake tekila yenye kilevi cha asilimia hamsini na tano.

"Hii hainywewi kwa pupa, shemeji. Inuse, onja kidogo, tupige soga."

Fundi akacheka. "Mimi nimezoea kunyonya petroli kwa mpira, bwana." Akaigugumia glasi nzima. Macho yakamtoka, sauti ikakauka, na kabla chakula hakijaiva akawa anakoroma kwenye kochi.

Shemeji aliondoka alfajiri, akafia huko huko ugenini.

Sasa fundi anaionja tekila iliyobaki chupani tone kwa tone. Anasikia utamu wa mmea unaotengenezewa tekila, ndugu wa mkonge, uliookwa, kisha ukali kama wa pilipili. Angependa kumsimulia mtu, lakini yule aliyetaka kupiga naye soga, yeye alimkoromea usingizini.