Anwani za Chini ya Sifuri

Kaleb, mwandishi wa programu mwenzake, alipohamishiwa Dar es Salaam, mwaka themanini na nne, Mwantumu alibaki peke yake na kompyuta ya shamba la mkonge pale Korogwe. Ofisi nzima hakuna mwingine aliyethubutu hata kuigusa.

Programu ya makisio ya mavuno, aliyoiacha Kaleb, ilijikokota mno. Dizeli ya mgawo iliisha na jenereta kuzima kabla programu haijatoa jibu. Basi Mwantumu akaandika programu ndogo ya kuichungulia ile kubwa: kila mara iisimamishe kidogo, iandike anwani ya mahali ilipofika kwenye kumbukumbu ya mashine, kisha iiachie iendelee. Mahali patakapotajwa sana ndipo inapopotezea muda.

Nusu ya anwani zilitoka hasi.

"Umeme huu mbovu," alisema, ingawa hakukuwa na wa kumsikia. Akazitupa zile hasi. Zilizobaki hazikumwonyesha kitu. Siku zikapita hivyo. Wenzake walipita dirishani wakiongea Kishambaa na kucheka. Yeye, Mzigua, aliambulia neno mojamoja.

Asubuhi moja akagundua kuwa hasi ni zilezile, zinajirudia. Umeme mbovu hauharibu mahali pamoja kila siku. Kosa lilikuwa lake: kuandikia anwani alichagua aina ya namba ya kawaida, inayotenga nafasi moja kwa ajili ya alama ya hasi, kwa hiyo ikivuka elfu thelathini na mbili na ushei inapinduka chini ya sifuri. Anwani ina hasi gani? Namba pana mara mbili ingefaa, lakini kumbukumbu ilikuwa finyu, anwani zote zisingeenea. Akachagua ya upana uleule, isiyo na alama.

Mahali pakaonekana: kila ilipoongeza kipande kimoja cha shamba kwenye orodha, programu ilipanga upya orodha nzima. Akaparekebisha. Makisio yakatoka dizeli ingali ipo.

"Ahsante, binti," meneja, mzee Mhina, alisema, akaondoka na karatasi zake.

Mwantumu akaenda posta kupiga simu Dar.

"Kaleb, nimepata! Anwani zilikuwa hasi kwa sababu—"

"Anwani zipi?"

"Za programu yako. Ya mavuno."

"Aa, ile! Bado mnaitumia?" Nyuma yake watu walikuwa wanacheka. "Nitakupigia, Mwantumu."

"Simu ya ofisini mbovu, Kaleb."

Alikwishakata simu.

Jumamosi akapanda basi kwenda kwao Chanika, Handeni. Mama yake, Bi Mwaija, alimsikiliza mpaka mwisho huku akipepeta mahindi.

"Sasa hizo namba zimekubali, mwanangu?"

"Zimekubali, mama."

"Alhamdulillahi. Na huko unakula na nani?"

Mwantumu akavuta ungo mwingine, akaanza kupepeta.