Night Aitikia kwa Mkono

Mwalimu Mugisha akabonyeza kinasa sauti. "Sikilizeni wenyewe."

Darasa la watangazaji wapya likatega sikio. Mama Agum, muuza samaki wakavu wa soko la Custom, alikuwa akisimulia jinsi boti lao la mizigo lilivyokwama kwenye matete ya Nile. Lakini kila akisema neno, sauti ya Night, mwanafunzi aliyemhoji, ilimrukia juu: "Eeh! Eeh, mama! Kweli!"

"Huyu anahoji au anaitikia ibada?" Apollo akauliza. Darasa zima likacheka.

Mugisha hakucheka. "Night, hiyo 'eeh' yako inamfunika mama wa watu. Tikisa kichwa tu. Nafasi ya kazi redioni ni moja, na kesho nataja jina. Nenda ukarekodi upya."

Night akarudi Custom. Kazi aliitaka sana, lakini pia alitaka kujua boti lilitokaje, maana jana mteja alikuja hadithi ikakatika.

Mama Agum akaanza tena. Night akafumba mdomo, akawa anatikisa kichwa. Mama akanyamaza ghafla.

"Binti, wewe iko mgonjwa?"

"Hapana, mama."

"Basi mimi naongea na jiwe? Nani alikufundisha kumnyamazia mtu mzima?"

Night akaona aibu. Akampa mkono amsalimie upya.

"Kwes, mama? U mzima?"

"Kwes," mama akajibu, bado amenuna. Lakini mkono hakuuachia, kwani kwa desturi ya huko salamu haina haraka. Night akaubana kidogo. Mama naye akabana. Hapo wazo likamjia, Mungu ndiye ajuaye lilikotoka.

"Mama, nikisema, mashine inameza sauti yako. Leo nitakuitikia kwa mkono."

"Kwa mkono!" Mama akacheka mpaka kitambaa kikamlegea kichwani. "Haya, tuone kama huo mkono una adabu."

Akasimulia. Penye "eeh" Night alibana. Penye hofu alibana zaidi, na mama akazidi kumsogelea.

Kesho yake Night akaeleza darasani alivyoitikia kwa mkono, Mugisha akaicheza rekodi mpya, na hata Apollo akasogeza kiti karibu. Boti limekwama, unga umekwisha, watoto wanalia.

"Tukaanza kuimba nyimbo za kanisani," Mama Agum akasema ndani ya mashine, "si kwamba tulikuwa na nguvu, ni njaa tu iliyotuimbisha. Wavuvi wakafuata sauti, wakaja na mitumbwi."

"Eeh!" Mwalimu Mugisha akaitikia kwa sauti, asijijue.

Darasa likageuka kumtazama. Akakohoa, akazima mashine.

"Night, Jumatatu uanze kazi. Na huo mkono usiusahau nyumbani."