Sekunde Arobaini za Ruta

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kuhamisha simu zote za dharura kutoka laini ya zamani kwenda laini mpya, mchana kweupe, watu wakiwa wanaongea, bila hata moja kukatika. Fundi akiifanya vizuri angeajiriwa moja kwa moja, baada ya miezi kumi na moja ya kibarua. Akivuruga, mlango ule pale.

Aliijua kazi yake. Ruta, mtambo unaozionyesha simu njia, ina tabia ya kuropoka: ukiipa njia mpya, papo hapo inatangaza kwamba iko tayari, kumbe ndani bado inaiandika njia hiyo kwenye bodi inayopitisha sauti. Kuandika kunachukua sekunde arobaini. Ukiondoa njia ya zamani kabla hazijaisha, pakiti, yaani vile vipande vya sauti, zinafika kwenye ruta na kukosa pa kwenda. Zinapotea, basi. Kwa hiyo unaziacha njia zote mbili, unatulia, unahesabu.

Akaanza kuhesabu.

Nyuma yake alisimama mkuu wa mitambo, ambaye wafanyakazi walimwita Msumari akiwa hayupo. Mkononi alikuwa na kikombe cha chai, na pembeni makarani wawili waliokuja kuchungulia.

"Skrini imeandika tayari," alisema Msumari. "Unasubiri nini, posa?"

Makarani wakacheka.

"Bado inaandika, bosi. Mpaka arobaini."

"Kazi hii nimeianza wewe hujui hata kufunga kamba za viatu. Hebu mwangalieni, si anatetemeka huyu?"

Fundi aliendelea kuhesabu. Na Msumari alizijua fika zile arobaini. Yeye ndiye aliyeziandika kwenye mwongozo. Ilikuwa raha yake tu. Wapo watu wa namna hiyo, na wanalala usingizi mzuri kuliko sisi.

Sekunde ya kumi na mbili, masikio yakimwaka moto, fundi aliondoa njia ya zamani.

Ng'ambo ya kioo cha chumba cha mitambo, wapokea simu kumi na wanane walibaki na ukimya masikioni. Mmoja wao alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea, aliyewabembeleza watu mpaka mdogo wake akapata kibarua hiki. Alikuwa akimwelekeza mama mmoja ambaye mtoto wake amekwamwa na kifungo cha shati kooni. "Mlaze kifudifudi, mpige kati ya mabega," alisema mara mbili kabla hajagundua kwamba anaongea peke yake.

Laini iliporudi, wapigaji kumi na saba walipiga tena. Yule mama hakupiga. Dada aliipiga namba yake mara tatu, ikaita bure. Mara ya nne ilipokelewa. Alikisikiliza kilio cha msiba cha yule mama mpaka mwisho, akavua hedifoni.

Msumari alikuwa ameshajaza fomu: fundi aliondoa njia kabla ya muda, kinyume cha mwongozo. Haikuwa na neno moja la uongo. Ilihitaji shahidi, na kati ya watu wote alimpelekea dada.

"Wewe ndiye uliyesikia. Saini hapa."

"Dada," fundi alisema, "walikuwa wananicheka."

"Zilikuwa zimebaki sekunde ngapi?"

"Ishirini na nane."

Dada alichukua kalamu. Kisha akaandika jina lake lote, taratibu, akaweka saini, akarudi kitini kupokea simu iliyokuwa inaita.