Musambi wa Muzee Mahamudi

Nani alimwambia Alima kwamba ndege wa porini wanapigwa picha kama maharusi? Hakuna. Lakini kwa watu wa Murara, mtaa wao wa Goma, ukisikia neno picha, unavaa. Basi siku ile ya matembezi familia nzima ilishuka kwenye gari, pale malishoni Masisi, imevaa kitenge kimoja cha manjano na nyekundu. Nguo zilikuwa zimefukizwa udi, na mume wake Useni alikuwa amepiga viatu rangi mpaka vinang'aa. Kwenye mavi ya ng'ombe! Jamani.

"Mama, mumekuja arusi ao mumekuja kuona ndege?" akauliza Magloire, mchungaji wa ng'ombe wa pale, akicheka bila kujificha.

Alima hakucheka. Baba yake, muzee Mahamudi, aliyeketi mkekani kando ya gari, alikuwa anapoteza macho. Sasa alikuwa haoni kitu ila kikiletwa karibu na pua, na daktari alisema hata hicho kidogo kitakwisha. Muzee aliendesha lori maisha yake yote kati ya Goma na Bunagana. Kila alipowaona musambi, wale ndege warefu wenye taji la dhahabu, wakicheza mbali majanini, alijiambia atasimama siku nyingine, maana mzigo unangojewa mpakani. Siku nyingine haikufika. Kwa hiyo Alima aliazima kamera ya jirani, yenye lenzi ndefu, akajifunza kwa kuwapiga picha kuku wa mtaa. Akimpata musambi mmoja tu, baba atamtazama kwenye kioo cha kamera, puani kabisa.

Musambi walikuwepo, chini bondeni. Alima akawanyemelea, kitenge kikawaka juani, wote wakaruka. Akajaribu upande mwingine, wakaruka tena. Useni akashauri waimbiwe kidogo ili wazoee watu.

"Wewe nyamaza kabisa!" Alima akamfokea, na machozi yalikuwa karibu.

Alikaa chini kwa hasira. Akiwa pale akawaona ndege wakitua tena, safari hii katikati ya ng'ombe, wakidonoa panzi waliorushwa na kwato, bila wasiwasi wowote. Akainuka, akamwomba Magloire koti lake la mvua lenye kunuka maziwa na moshi, akalivaa juu ya udi wote ule, akaingia kundini. Akatembea kama ng'ombe, pole pole, kichwa chini. Useni alifunga mdomo wake kwa mikono miwili asicheke.

Alipoinua macho, musambi alikuwa mbele yake.

Eeh Mungu! Alikuwa mrefu hata kumfikia kifuani, na kila unywele wa taji lile ulikuwa umeshika jua. Mwenzake akaja. Wakainamiana kama watu wanaosalimiana, wakafungua mabawa, weupe mtupu, wakaruka juu, wakashuka, wakaruka tena. Ng'ombe waliendelea kula tu. "Subhanallah," Alima alinong'ona, na kidole kikabonyeza, kikabonyeza.

Alirudi mbio mpaka kwenye mkeka alipokaa baba yake. Muzee akaishika kamera, akakiweka kioo puani.

"Aa!" akasema. "Kumbe shavu lake ni jeupe. Na chini ya kidevu ana wekundu! Miaka yote ile barabarani, sikujua." Alimtazama ndege kwa muda mrefu, kisha akashusha kamera.

"Alima."

"Labeka, Papa."

"Hii kitu inaweza kuleta na sura ya mutu karibu hivi?"

"Inaweza, Papa."

"Basi simama pale, bwana yako akupige."

Kwao binti mtu mzima hamsogezei baba yake uso pua kwa pua, heshima haikubali. Alima hakuwahi kufikiri maana yake kwa mzee asiyeona mbali. Tangu lini baba hakuwa ameuona uso wa binti yake?

Akasimama. Hakujua mikono aiweke wapi. Useni akapiga, akamkabidhi muzee kamera.

Muzee Mahamudi akakisogeza kioo mpaka kikagusa pua yake. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko alivyokaa na ndege. Mwishowe Alima akanyoosha mkono aipokee kamera.

"Acha kwanza, mutoto wangu," muzee akasema. "Bado nakuangalia."