Ribiti za Garside

Kwa miaka kumi na tisa Garside alipiga ribiti, pini za kuunganishia mabati, kwenye ndege moja ya vita, iliyofukuliwa vipande vipande katika shamba la viazi huko Lincolnshire, Uingereza, ili iruke tena. Yeye alikuwa na nyundo ya upepo nje ya bawa. Enid, mwenzake, alikaa ndani akikinga ncha ya kila ribiti kwa kipande cha chuma. Zilikuwa kelele za kupasua kichwa.

"Ziba masikio, we mzee!" Enid alimfokea kila siku.

"Nikiziba, ribiti mbovu nitaijuaje? Ile huijui mpaka uisikie inavyolia."

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa."

Na kweli, kila ribiti mbovu aliijua, akaing'oa. Sikio la kushoto likafa kwanza, la kulia likafuata mwaka jana.

Leo ndege ilitolewa uwanjani. Garside aliona rafadha, pangaboi la puani, ikizunguka hadi ikapotea machoni, nyasi zikalala, wanaume wazima wakalia. Ikapaa. Enid akavua viziba masikio vyake.

Garside akamshika mkono. "Enid, inaliaje?"

Enid alimweleza kwa maneno mengi, mazuri, machozi yakimtiririka. Garside hakusikia hata moja.