Kinywa cha Bi Edie

Alhamisi asubuhi nilikuwa nyuma ya meza ya duka la mitumba la kanisa, nafuta vikombe, Kelvin Ogden alipoingia kuulizia viti. Kelvin ni mwenyekiti wa chama cha wapenzi wa Greywether, lile kundi la roki lililotoka bondeni kwetu miaka ya sabini. Jumamosi walikuwa wanazindua kibao cha ukumbusho kwenye ukuta wa nyumba ya rafiki yangu, Noreen Akroyd, kwa kuwa ndani ya nyumba ile ndimo lilimochorwa jalada la santuri yao iliyovuma. Noreen ndiye angevuta kitambaa.

"Kanisa litatuazima viti ishirini, bibi?"

"Hata thelathini. Mtakaa sana?"

"Hatukai. Noreen anavuta kitambaa, Lionel anasema mawili matatu, halafu tunampindua Kizee, basi."

"Kizee gani?"

Akacheka, akidhani namtania. "Bibi Avril, acha masihara. Umezaliwa hapa, umezeeka hapa, humjui Kizee?"

Jalada lenyewe nalijua kama ninavyoujua mlango wangu. Ni meza ya chakula cha Jumapili: sinia la nyama ya ng'ombe iliyookwa, viazi, bakuli la mchuzi mzito, jagi katikati, na kitambaa cheupe cha lesi. Liko ukutani kwenye baa, liko kwa kinyozi, na kwa Noreen liko kwenye ukumbi mdogo wa kuingilia, limekunjuliwa lote ndani ya fremu ya kioo, na sahihi ya mchoraji, Lionel Marsden, chini yake.

Kelvin akachomoa moja kwenye sanduku letu la santuri. Akaligeuza kichwa chini. Akalikunja katikati kuelekea ndani mpaka kingo mbili zikakaribiana na jagi likamezwa na mkunjo.

"Rudi nyuma hatua mbili, bibi."

Nikarudi. Nyama ikawa ulimi. Viazi vikawa ufizi mtupu, wenye mabonge. Mchuzi ukawa mate yanayochuruzika kidevuni. Lesi ikawa nywele za mtu aliyelala chali, na sinia likawa mdomo uliofunguka ukashindwa kujifunga. Pembeni mwa mdomo, mahali ambapo siku zote nilidhani ni ufa wa sinia, palikuwa na kovu.

Kovu lile nililijua. Mwenye nalo alilipata kiwandani wakati wa usichana wake, mtambo wa kufuma ulipomrushia kipande cha mti. Mdomo ule nimeulisha supu kwa kijiko, nikaupangusa. Ulikuwa wa Bi Edie Akroyd, mama yake Noreen.

Nikaegemea meza.

"Wengi huwa hivyo mara ya kwanza," Kelvin akasema, amefurahi. Akafungua koti kunionyesha fulana yake. Kinywa kilekile, kimetanda tumboni kwake. "Tuligundua miaka kumi na miwili iliyopita. Lakini mwaka huu ndiyo Lionel katuambia ni nani. Mama mwenye nyumba wake! Ndiyo sababu ya kibao. Jumamosi tutakuwa watu themanini, kila mtu na jalada lake. Noreen akivuta tu, tunapindua wote kwa pamoja."

"Noreen anajua?"

"Lionel anasema familia inajua."

Kelvin si mtu mbaya. Majira ya baridi alinibebea maboksi yote ya vitabu ghorofani bila kuombwa. Nilimtazama usoni nikaona haelewi hata kidogo alichokishika.

Lionel Marsden alikuja kupanga chumba cha juu kwa Bi Edie mwaka sabini na moja, kijana mwembamba mwenye bomba la kupulizia rangi na soksi zilizotoboka. Bi Edie alimfumia soksi. Alimwekea sahani yake jikoni kila jioni, hata siku alizochelewa. Mwaka uliofuata kiharusi kikampiga Bi Edie, kikamchukua upande wa kulia na sauti yote. Mimi na Noreen tulikuwa zamu ya mchana kiwandani, na Noreen hakuwa na ndugu. Alikuwa karibu kuacha kazi.

Lionel akasema, "Nenda, Noreen. Mimi nachora tu, naweza kuchorea karibu na kitanda chake."

Akakaa naye kila mchana kwa miezi mitano, mpaka Februari Bi Edie alipofariki. Mtaa mzima ulimsifu. Mimi nimewasimulia watoto wangu habari hiyo, na wajukuu: kwamba wako vijana wenye moyo. Nami nilikuwa nikipokezana na Noreen Jumapili, nampikia Bi Edie supu, na kila nilipomkuta Lionel kwenye kiti cha kando ya kitanda na ubao wake magotini nilimletea chai.

Nilimletea chai.

Ningeweza kunyamaza. Lakini watu themanini wangesimama mbele ya mlango wa Noreen Jumamosi saa nane mchana na kumfunulia mama yake. Basi Ijumaa nikaenda.

Noreen alikuwa anamenya viazi. Alikuwa amemwalika Lionel chakula cha mchana kabla ya uzinduzi, nyama ya kuoka na kila kitu.

"Mbona sura hiyo, mwenzangu? Paka kafa?"

"Keti, Noreen."

"Nikikaa siinuki, magoti haya. Sema."

Nikamwambia. Sikumwambia vizuri, maneno yalinitoka kwa vipande. Alikausha mikono, akaenda kwenye ukumbi, akarudi na fremu. Akaibandua karatasi ya nyuma kwa kisu cha viazi, akatoa jalada lililokaa humo miaka hamsini bila kukunjwa. Akaligeuza. Akalikunja.

Akalinyoosha mbali na uso.

"Hana meno," akasema.

"Ndiyo."

"Avril, hana meno."

Hapo ndipo nilipoelewa. Enzi za Bi Edie, msichana akikaribia kuolewa baba yake alimlipia kung'olewa meno yote na kuwekewa ya bandia, ili mume asije akapata gharama. Ilikuwa zawadi. Bi Edie alikuwa na miaka ishirini. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona bila meno. Kila usiku alizima taa kwanza, ndipo akayatoa. Mumewe alikufa hajamwona. Alipopatwa na kiharusi, Noreen peke yake ndiye aliyemwosha kinywa, mlango umefungwa, na mimi sikuruhusiwa kuingia mpaka ayarudishe.

"Kila siku nilimwacha nayo mdomoni," Noreen akasema. "Kila siku. Na kila nikirudi yako kwenye glasi. Nikimuuliza Lionel anasema, yanamuumiza, Noreen, ameniomba kwa ishara nimtolee. Nikamshukuru. Nilimshukuru, Avril."

"Mwambie asije kesho."

"Atakuja. Viazi nimeshamenya."

Jumamosi nilikuwa pale, nimeombwa nisaidie kupakua. Lionel aliingia na fimbo na skafu ya hariri, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, akanibusu shavuni. Nililifuta shavu nilipogeuka jikoni. Nje kibao kilikuwa kimeshakazwa ukutani kwa skrubu nne, kimefunikwa, na watu walianza kujaa wakiwa na majalada kwapani. Kupitia dirisha niliwasikia wakitaniana.

"Wewe lako limechakaa, Kizee amepata ndui."

"Afadhali langu, lako lina alama ya kikombe puani."

Lionel akala kwa hamu. "Nyama kama ya mama yako, Noreen. Vilevile."

Noreen hakuketi. Alisimama nyuma ya kiti chake, mikono juu ya egemeo.

"Lionel, nani alikuwa akimtoa mama meno?"

Akameza. Hakushtuka, nadhani alilisubiri swali hilo kama msanii anayesubiri kuulizwa habari za kazi yake.

"Ah. Umeona. Nilikuwa najiuliza lini utaona." Akatabasamu. "Mimi. Yakiwa ndani kinywa kilikuwa kinajaa mno, hakikunjiki. Nilihitaji shimo, unaelewa? Ulimi ukae kama nyama kwenye sinia. Nilijaribu kubuni, nikashindwa. Hakuna kinachoshinda kitu chenyewe."

"Alikuomba?"

"Alikuwa hasemi, Noreen, si unajua."

"Mkono wa kushoto ulikuwa unafanya kazi."

Lionel akachovya kiazi kwenye mchuzi. "Mwanzoni alinisukumasukuma. Wiki ya kwanza, ya pili. Baadaye akazoea, akawa anageuza macho tu ukutani. Mtulivu sana. Sijapata mtu wa kumchora mtulivu kama yule."

Akaendelea kutafuna. Mchuzi ulikuwa umemgusa kidevuni, na mimi nikatazama sakafu, maana sikuweza kuutazama mdomo wake ukifunguka na kujifunga.

Noreen akanyoosha mkono mbele ya Lionel akachukua sahani. Uma wa Lionel ulibaki hewani na kipande cha nyama. Mtaa wetu una watu wachoyo na wagomvi, nimewaona wakifukuzana kwa fagio, lakini katika maisha yangu yote sijaona sahani ikiondolewa mbele ya mgeni anayekula.

"Sijamaliza," Lionel akasema.

"Umemaliza."

"Noreen, mama yako anajulikana dunia nzima. Japani wanamjua. Bila mimi angekuwa nani?"

"Angekuwa na meno yake," Noreen akasema, akafungua mlango.

Watu wakapiga makofi walipomwona, wakidhani wakati umefika. Mikono ikaanza kunyanyua majalada. Noreen akasimama kizingitini na sahani ya Lionel mkononi.

"Kelvin. Kitoe."

"Uvute, si ndiyo? Vuta kona ya kulia."

"Sivuti. Ukuta ni wangu. Toa skrubu zako." Kisha, kwa sauti ileile, akawaambia wote: "Huyo mliyembeba ni mama yangu akifa. Alitolewa meno naye hawezi kukataa. Sasa pindueni mkitaka."

Hakuna aliyepindua. Mwanamke mmoja wa makamo alilisukuma lake ndani ya mfuko polepole. Kelvin alifunga zipu ya koti mpaka shingoni, kisha akapiga magoti na bisibisi yake. Mwanamume aliyekuwa karibu naye akamshikia kibao kisianguke. Hayo niliyaona, na niliyashukuru.

Lakini nilimwona pia Lionel. Alikuwa amejipenyeza nje akasimama ng'ambo ya barabara, na kabla skrubu ya tatu haijatoka, watu kumi na watano hivi walikuwa wamepanga foleni mbele yake na kalamu. Alikuwa anasaini majalada yakiwa yamekunjwa na yamegeuzwa, palepale juu ya kovu, na kumuuliza kila mmoja jina lake kwa upole.

Nilirudi jikoni. Noreen alikuwa amemwaga chakula chote pipani, sinia zima, na sasa alikuwa anaosha sahani ile kwa maji ya moto kiasi kwamba vidole vilikuwa vyekundu.

"Iache, nitaosha mimi."

"Mafuta hayajatoka."

Nilichungulia. Sahani ilikuwa safi kabisa. Nikachukua taulo, nikaipokea, nikaifuta mbele na nyuma. Nilipomaliza akaninyang'anya, akairudisha majini.